Sauti Katika Waya wa Televisheni: Simu ya Intaneti na Mitaa ya Kariakoo

Mtu apitaye katika Mtaa wa Kongo au wa Msimbazi, Kariakoo, akainua macho juu ya mabango na marobota ya nguo, ataona nyaya nyingi zimetandaa kati ya jengo na jengo. Baadhi ni za umeme. Nyingine, nyembamba, ni za simu. Tena kuna zile nyeusi, nene kidogo, zilizofungiwa kwenye nguzo na kingo za madirisha, ambazo kazi yake imekuwa kuleta picha za televisheni majumbani. Nyaya za namba hii huonekana pia katika majengo ya ghorofa ya Kisutu na Upanga, zikipanda ukutani kutoka orofa hadi orofa.

Katika nchi nyingi waya huo wa picha umegeuzwa ukawa pia waya wa simu. Kampuni ya televisheni humpa mteja chombo kidogo, mteja huchomeka humo simu yake ya mezani ya kawaida, naye huzungumza na dunia nzima kwa njia ya intaneti. Marekani, kampuni za Cablevision na Time Warner Cable zilianza kuwauzia wateja wao huduma hiyo mwaka 2003, na Comcast ikafuata mwaka 2005. Dar es Salaam nyaya zilikuwapo, na wafanyabiashara wenye haja ya kupiga simu Dubai, Mumbai na Guangzhou walikuwapo kwa maelfu. Hata hivyo simu ya kampuni za televisheni haikupata kuenea. Sababu zake zinastahili kuchunguzwa darasani, kwa kuwa ndani yake mna fizikia, sheria, na hata umbali wa setilaiti kutoka ardhini.

Asili ya waya wenyewe

Televisheni ya waya ilizaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, katika miji iliyofichwa na milima au iliyo mbali mno na mitambo ya kurushia matangazo. Watu wa huko walisimamisha antena moja kubwa juu ya kilima au jengo refu, wakaeneza mawimbi yake kwa waya hadi majumbani. Kwa hiyo ilikuwa antena ya ushirika, wala si zaidi ya hapo.

Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1973, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni hadi mwaka 1994. Katika majengo ya ghorofa ya katikati ya mji, ambako si kila mpangaji angeweza kusimika dishi lake darini, mpango wa antena ya ushirika ulifaa sana: kampuni moja huweka madishi yake mahali pamoja, hukusanya vipindi vya kutoka ng'ambo, kisha huvigawa kwa waya.

Waya wenyewe huitwa koaksia. Katikati una uzi wa shaba. Uzi huo umezungukwa na kihami. Kihami kimezungukwa na wavu wa metali. Na juu ya yote kuna gamba la plastiki. Ule wavu ndio siri ya kazi yote, maana huzuia mawimbi ya ndani yasivuje na ya nje yasiingie. Kwa sababu hiyo koaksia huweza kubeba mawimbi ya mamia ya megahezi. Mwanafunzi na alinganishe. Sauti ya mtu katika simu huchukua masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400, na mafundi wa simu huitengea nafasi ya hezi 4,000. Chaneli moja tu ya televisheni, kwa vipimo vitumikavyo kwetu, ina upana wa megahezi 8. Gawanya: katika nafasi ya chaneli moja zingeingia sauti 2,000. Na waya mmoja huchukua chaneli kadhaa za aina hiyo.

Sauti kugeuka tarakimu

Sauti haiingii katika intaneti ikiwa wimbi. Kwanza hupimwa. Chombo cha mteja huchukua kipimo cha wimbi la sauti mara 8,000 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8, yaani tarakimu nane za sifuri na moja. Hii ni jumla ya biti 64,000 kwa sekunde. Idadi ya 8,000 haikuchaguliwa kwa kubahatisha: kanuni ya Nyquist husema kwamba wimbi lazima lipimwe angalau mara mbili ya masafa yake ya juu kabisa, na mara mbili ya 4,000 ni 8,000.

Tarakimu hizo hukatwa vipande vya milisekunde 20. Kila kipande, chenye baiti 160, hutiwa katika kifurushi na kuandikwa anwani ya kule kiendako pamoja na namba ya zamu yake. Maandishi hayo ya juu ya kifurushi huchukua baiti 40. Basi kila sekunde hutoka vifurushi 50 vya baiti 200, na atakayezidisha ataona kwamba mazungumzo yanahitaji biti 80,000 kwa sekunde kwenda, na kiasi hicho hicho kurudi. Zipo mbinu za kuikamua sauti hadi ibaki biti 8,000 tu kwa sekunde. Lakini hapo kila kifurushi huwa na baiti 20 za sauti na baiti zile zile 40 za maandishi, hata bahasha ikawa na uzito mara mbili ya barua. Ndiyo maana ukamuaji wa sauti hauleti nafuu kubwa kama inavyodhaniwa.

Tofauti na simu ya zamani ni hii. Katika simu ya zamani, watu wawili walipozungumza walitengewa njia moja kamili tangu mwanzo hadi mwisho, hata waliponyamaza. Katika intaneti, vifurushi ni kama wageni hamsini wa harusi moja wanaotoka Kariakoo kwenda Mbezi kwa daladala mbalimbali. Wengine watapita Barabara ya Morogoro, wengine Kigogo. Mmoja atakwama Jangwani. Wakifika watapangwa tena kwa zamu zao mlangoni. Mlango huo katika simu ya intaneti ni ghala dogo la kumbukumbu, ambalo huvishikilia vifurushi kwa sehemu ndogo ya sekunde ili vilivyochelewa vipate kuwafikia wenzao. Kifurushi kinachokuja baada ya ghala kufunguliwa hutupwa, na msikilizaji husikia sauti imekatika kidogo. Ghala likiwa dogo mno, sauti hukatikakatika. Likiwa kubwa mno, mazungumzo huchelewa.

Ufundi huu si mpya. Sauti ilijaribiwa kupitishwa kwa vifurushi katika mtandao wa utafiti wa ARPANET, Marekani, mwaka 1974. Programu ya kwanza ya simu ya intaneti iliyouzwa kwa watu wa kawaida ilitolewa na kampuni ya VocalTec ya Israeli mwaka 1995, na Skype ikaja mwaka 2003.

Njia ya kurudi

Hapa ndipo penye ugumu ambao mtazamaji wa televisheni hawezi kuudhani. Mtandao wa televisheni ya waya uliundwa kama mfereji: maji hutoka chanzoni kwenda mashambani, hayarudi. Mawimbi yakisafiri katika koaksia hupungua nguvu, kwa hiyo kila baada ya umbali fulani huwekwa kikuza mawimbi. Vikuza mawimbi vya zamani hupitisha upande mmoja tu, kutoka kwa kampuni kwenda kwa mteja. Simu inataka pande zote mbili. Kuubadilisha mtandao wa zamani ni kubadilisha kila kikuza mawimbi mtaani, na mara nyingi nyaya zenyewe pia.

Kanuni za ufundi zinazotumika duniani, ziitwazo DOCSIS, zilitolewa mwaka 1997. Zinapanga kwamba vifurushi vinavyokwenda kwa mteja visafiri katika chaneli moja au zaidi za televisheni, na vile vinavyotoka kwake virudi katika masafa ya chini, kuanzia megahezi 5 hadi 65 kwa vipimo vya Ulaya. Chaneli ya megahezi 8 huweza kupeleka biti milioni 38 hivi kwa sekunde, kiasi cha kutosheleza mazungumzo zaidi ya 400 kwa upande huo. Upande wa kurudi ni mwembamba zaidi, tena ni mchafu.

Uchafu huo unatoka wapi? Mtandao wa koaksia una umbo la mti: shina, matawi, vitawi. Mawimbi yaendayo kwa wateja hugawanyika kutoka shinani kwenda vitawini. Yarudiyo hujumlika kutoka vitawini kwenda shinani, na kelele za umeme hujumlika pamoja nayo. Mota ya mashine ya kusaga, jenereta, mtambo wa kuchomelea vyuma, redio za masafa mafupi: vyote hutoa mawimbi katika masafa hayo hayo ya chini. Yakipata kiungo kilicholegea, au wavu wa metali uliotobolewa na kutu, huingia. Mteja mmoja mwenye kiungo kibovu huweza kuwaharibia njia ya kurudi wateja wote wa tawi lake. Sasa fikiria mtaa wa Kariakoo wenye mafundi wa kila aina, jenereta mbele ya kila duka wakati umeme unapokatika, unyevu wa chumvi ya bahari, na viungo vilivyokazwa kwa koleo na mtu aliyetaka mpira wa jioni usimpite. Picha ilipita vizuri katika nyaya za namba hiyo, maana picha hushuka tu. Simu isingepita.

Toleo la pili la kanuni hizo, la mwaka 1999, liliongeza jambo moja muhimu kwa simu: vifurushi vya sauti hupewa nafasi yao maalumu, visisukumwe na vya jirani anayepakua filamu. Pasipo mpango huo sauti huharibika kila saa za jioni, na kosa haliko katika simu.

Sheria na bahari

Tuseme kampuni moja ya Dar es Salaam ingebadilisha vikuza mawimbi vyake vyote. Isingeruhusiwa kuuza simu. Mwaka 1993 lililokuwa Shirika la Posta na Simu liligawanywa, na kampuni ya TTCL ikarithi upande wa simu. Ilipobinafsishwa kwa sehemu mwaka 2001, ilipewa upekee wa kutoa huduma ya msingi ya simu za waya hadi Februari 2005. Katika miaka hiyo vibanda vya intaneti vya katikati ya mji viliweza kumwezesha mtu kusoma barua pepe kihalali, lakini sauti ilikuwa jambo lingine. Biti ni biti. Hata hivyo biti zile zile zilikuwa halali zilipobeba barua, na haramu zilipobeba salamu. Wenye mamlaka hawakuwa na ujinga katika hilo. Mapato ya simu za kimataifa ndiyo yaliyosaidia kulipia simu za ndani, na Serikali haikutaka yamwagike.

Mwaka 2005, upekee ulipokwisha, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, ilianzisha utaratibu mpya wa leseni. Leseni hazikufuata tena aina ya waya au chombo. Ziligawanywa kufuata kazi: miundombinu, huduma za mtandao, huduma za matumizi, na maudhui. Tangu hapo kampuni ya televisheni iliweza kuomba haki ya kupitisha sauti, na kampuni ya simu haki ya kupitisha picha. Ulikuwa uamuzi wa busara, na nchi nyingi tajiri zilikuwa bado zinabishana juu yake.

Mlango wa sheria ulifunguliwa, lakini wa bahari ulikuwa bado umefungwa. Hadi mwaka 2009 intaneti ya Dar es Salaam ilitegemea setilaiti ili kufika ng'ambo. Setilaiti ya mawasiliano hukaa kilometa 35,786 juu ya ikweta. Kifurushi lazima kipande na kushuka, yaani zaidi ya kilometa 71,500, na kwa mwendo wa nuru, kilometa 300,000 kwa sekunde, safari hiyo huchukua karibu robo sekunde. Swali na jibu lake huchukua nusu sekunde kabla ya kuhesabu ucheleweshaji wa mitambo. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, hushauri kwamba ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende vizuri. Waliopata kusema kwa simu za aina hiyo wanakumbuka jinsi watu wawili walivyoanza kusema pamoja, wakanyamaza pamoja, kisha wakaanza tena pamoja.

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi na kufika Dar es Salaam. Mkongo wa EASSy, wenye urefu wa kilometa 10,000 hivi kutoka Afrika Kusini hadi Sudan, ukafuata mwaka 2010. Nuru katika uzi wa kioo husafiri kilometa 200,000 kwa sekunde, basi kilometa 10,000 huchukua milisekunde 50 tu. Mazungumzo yakawa mazungumzo.

Nairobi palifanyika lile ambalo Dar es Salaam halikuenea. Baada ya mikongo kufika pwani ya Kenya mwaka huo wa 2009, kampuni ya Wananchi, kwa jina la biashara la Zuku, iliuza televisheni, intaneti na simu kwa pamoja katika waya mmoja. Iliweza kwa kuwa ilijenga mtandao mpya, wenye uzi wa kioo hadi karibu na nyumba na koaksia fupi tu mwishoni. Tawi likiwa fupi, kelele za kujumlika huwa chache.

Umeme ukikatika

Kuna tofauti nyingine ambayo wauzaji wa huduma hii hawapendi kuitaja. Simu ya zamani ya waya wa shaba hupata umeme wake kutoka ofisi ya simu, ambako kuna betri za volti 48. Taa zote za mtaa zikizimika, simu hiyo hulia. Simu ya intaneti hutegemea umeme wa nyumbani kwa mteja, na pia umeme wa vikuza mawimbi vyote vilivyo njiani. Katika mji ulioishi na migao mirefu ya umeme, kama ile ya mwaka 2006 na ya 2011, jambo hili si dogo. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021, moto ulipoteketeza soko kuu la Kariakoo, jengo mashuhuri lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, umuhimu wa mtu kuweza kuipata namba 114 ya Zimamoto papo hapo haukuhitaji maelezo. Simu ya intaneti ina upungufu wa pili hapo: chombo chake kikihamishwa kutoka Upanga kwenda Mbagala, namba hubaki ile ile, na mpokeaji wa wito wa dharura hawezi kujua mpigaji yuko wapi asipoambiwa.

Simu ya mkononi haikuwa na taabu hizo. Ina betri yake, haihitaji kikuza mawimbi katika ngazi za jengo, na mwenyewe hutembea nayo. Mwaka 2005, wakati sheria ilipofunguliwa, simu za mezani nchini zilikuwa kama 150,000, na za mkononi zilikuwa zimekaribia milioni tatu. Kampuni ya televisheni ingeanza biashara ya simu siku hiyo, ingekuta mteja wake amekwisha kununua simu nyingine. Pengine hili ndilo jibu fupi kuliko yote.

Hata hivyo simu ya intaneti yenyewe ilishinda, kwa mlango wa nyuma. WhatsApp iliongeza simu za sauti mwaka 2015, na mwagizaji wa vitenge wa Mtaa wa Aggrey anayezungumza leo na wakala wake wa Guangzhou kwa WeChat anatumia vifurushi vile vile vya milisekunde chache, ila tu vimepanda hewani badala ya kupita katika koaksia. Ufundi huo umetumiwa pia kwa hila. Wapo walioingiza simu za ng'ambo nchini kwa intaneti, kisha wakazitoa kupitia masanduku yaliyojaa laini za simu za mkononi, zikaonekana kama simu za ndani na kukwepa malipo. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mawasiliano ilianza kutumia mtambo wa TTMS kupima mwenendo wa simu za kimataifa na kuwabaini watu wa namna hiyo.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika chini ya bahari, na intaneti ikazorota nchini kote. Wafanyabiashara wawili wa Kariakoo, maduka yao yakitazamana, waligundua siku hiyo kwamba hawawezi kupigiana kwa WhatsApp, ingawa simu ya kawaida kati yao ilipita bila tabu. Kabla ya kusemezana, simu zao zilipaswa kwanza kuafikiana kupitia mitambo iliyo ng'ambo, na njia ya kwenda huko ilikuwa imekatika.

Mwalimu mwenye kompyuta iliyounganishwa na intaneti anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa amri ya *ping*, ambayo hupima muda wa kifurushi kwenda na kurudi. Wapime kwanza mtambo ulio Dar es Salaam, halafu ulio Ulaya. Wagawanye kila muda kwa mbili, wauzidishe kwa kilometa 200 kwa kila milisekunde, kisha walinganishe umbali watakaoupata na ule wa ramani. Tofauti kati ya namba hizo mbili hutokana na mizunguko ya njia na foleni za vifurushi, na si vigumu kuona jinsi inavyobadilika kipimo kikirudiwa saa tatu usiku.